Sura ya Sita: Siku Kumi na Tisa

Shemeji yangu alituma hela siku ya Ijumaa, saa sita mchana. Saa hiyo naikumbuka kwa sababu ile risiti ya benki nimeishika mara nyingi kuliko yeye mwenyewe: TT, yaani malipo ya benki kwa benki, ya dola 2,900 kwenda Japani, kwa ajili ya Toyota IST nyeupe ya mwaka 2006. Bei ilijumuisha na meli mpaka bandari ya Dar es Salaam. Wauzaji wengine aliowauliza walitaka dola 3,900 na zaidi kwa gari la aina hiyohiyo, na tofauti hiyo ndiyo iliyompa furaha badala ya kumtia wasiwasi.

Jumamosi usiku, akiwa kitandani anatafuta redio ya kufunga kwenye gari lake, akaliona gari lenyewe. Picha ileile, maegesho yaleyale, hata kidimbwi cha maji kando ya tairi la mbele. Ila lilikuwa kwa muuzaji mwingine, na chini yake pameandikwa kwamba limeshauzwa. Akazima simu akalala. Au tuseme alijilaza, maana dada anasema hakulala.

Hakumwambia mtu. Jumatatu alimwandikia muuzaji, naye akamjibu kwa upole kwamba kuna watu wanawaibia picha, gari lipo, linasubiri meli. Wiki ya pili akapigiwa simu na mtu wa hapahapa Dar aliyejiita wakala wa forodha, Kiswahili chake safi cha mjini, akitaka shilingi 1,800,000 za nyaraka za bandari. Shemeji akatuma kwa simu. Alipokuja kwangu kunieleza, huku akitazama sakafu, zilikuwa zimepita siku 19.

Wanaotapeliwa wote huuliza maswali matatu: nimshtaki nani, wapi, kwa sheria gani? Ni maswali ya haki na tutayafikia. Lakini katika mabenchi ya mahakama nilikokaa miaka mingi nikiandika habari za kesi, nimeona watu wakimkimbiza mwizi mpaka wakamkamata, wakamfunga, wakarudi nyumbani mikono mitupu. Walimfuata mtu, hawakuifuata hela. Na hela ina miguu.

Tazama saa. Tokyo iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa 6. TT ya shemeji ilipopita saa sita mchana, kule ilikuwa saa kumi na mbili jioni ya Ijumaa na madirisha ya benki yamefungwa tangu alasiri. Mpaka Jumatatu asubuhi ya Tokyo, hela hiyo kwa uwezekano mkubwa ilikuwa bado njiani. Usiku alipokiona kile kidimbwi cha maji, shemeji alikuwa amelengwa, hajaibiwa bado. Kilichomwibia ni aibu. Alikuwa ameshawatangazia kazini kwamba gari linakuja. Angewezaje kurudi kusema halipo? Mficha uchi hazai, na mficha hasara harudishiwi.

Kwa hiyo mlango wa kwanza si polisi wala wakili. Ni benki, na siku hiyohiyo. Usiende kulalamika kwa mdomo. Andika barua, hata kwa mkono, useme muamala huu umetokana na utapeli na unaomba benki itume ombi la kuurejesha kwa benki iliyopokea. Hakikisha nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa. Kisha omba nakala ya ujumbe wa SWIFT wa malipo yako, ambao watu wa benki huuita MT103. Karatasi hiyo ni ya thamani kuliko mazungumzo yako yote na tapeli, kwa kuwa inaonyesha hela ilipita benki zipi, ikaingia akaunti ipi, tarehe gani. Benki ya huko haitarudisha hela kwa sababu tu umeomba. Kwa kawaida inahitaji ridhaa ya mwenye akaunti au amri ya chombo cha sheria. Lakini benki iliyokwisha kuambiwa kwa maandishi kwamba akaunti fulani inapokea hela za utapeli haiwezi tena kusema haikujua, na hapo ndipo akaunti huanza kuwekewa mkono.

Benki yako ikikuzungusha, malalamiko yanapelekwa kwanza kwake yenyewe kwa maandishi, kisha Benki Kuu, ambayo tangu 2019 ina kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Aliyelipa kwa kadi ana bahati zaidi. Mitandao ya kadi ina utaratibu wa kupinga malipo ya bidhaa isiyofika, na kwa Visa muda wake kwa kawaida ni siku 120. Aliyetuma kwa simu ana dakika, si siku. Mtoa huduma anaweza kuizuia hela ikiwa bado imo kwenye namba iliyopokea. Ikishatolewa kwa wakala, imekwenda. Piga simu kwanza, kulia baadaye. Namba ya tapeli na ujumbe wake vitume pia kwenda 15040, namba iliyowekwa kwa ajili ya kuripoti utapeli wa simu.

Haya yote shemeji hakuyafanya. Tuliyafanya siku ya 20.

Siku ya 21 tukaenda kituoni. Nilikaa kimya makusudi nimsikie atakavyojieleza. Akasema, "Afande, nilinunua gari mtandaoni, halijafika."

Yule askari wa kaunta hakuinua hata kalamu. "Kaka, hiyo ni madai. Mmeuziana, hajakuletea. Nenda mahakamani ukamdai."

Sitamlaumu sana. Kwa maneno aliyoambiwa, alikuwa sahihi. Gari lisilofika linaweza kuwa limechelewa, limezama, limekwama kwenye mnada, au muuzaji amefilisika. Mtu aliyeahidi akashindwa ni mdaiwa. Polisi hawakusanyi madeni, na wakianza kuyakusanya tutawalaumu kwa hilo pia. Kosa la jinai la kujipatia mali kwa njia ya udanganyifu, lililomo katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, linahitaji kitu kingine: mtu amesema uongo kuhusu jambo lililopo au lililopita, anajua kuwa ni uongo, na kwa uongo huo akakutoa hela. Adhabu yake inafika miaka 7 jela. "Nitakuletea gari mwezi ujao" ni ahadi. "Gari hili ni langu, liko bandarini Yokohama, hii hapa picha yake" ni taarifa, na kama hana gari, basi ni uongo kuhusu jambo la leo. Kesi nzima imelala katikati ya sentensi hizo mbili.

Tukatoka nje, tukanunua maji, tukarudi. Safari hii shemeji akasema: "Afande, nimeonyeshwa gari ambalo muuzaji hana na hakuwahi kuwa nalo. Picha ni ya gari la mtu mwingine lililokwisha kuuzwa, ushahidi ninao hapa. Nimetoa hela kwa kuamini analo." Kalamu ikainuka. Tukapewa RB.

Ukifika hapo uitaje na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa sababu udanganyifu uliofanywa kwa kompyuta au simu una kosa lake humo, na jalada linaweza kupelekwa kwa wapelelezi wa makosa ya mtandao badala ya kulala kwenye kabati la kituo. Usijisumbue kukariri namba za vifungu. Sheria zetu zimechapwa upya katika Toleo la 2023, vifungu vingi vimesogea, na nimewaona hata mawakili wakitajana namba mbili tofauti za kosa moja. Taja jina la kosa. Na RB si kesi. Ni namba ya kwenye kitabu. Rudi baada ya wiki uulize jalada limefunguliwa kwa namba gani na mpelelezi wake ni nani, umwone uso kwa uso, umwachie nakala, sio asili.

Hapo kwenye nakala na asili ndipo kesi nyingi hufia. Watu huja na picha za skrini kumi na mbili, walizochagua wenyewe, huku simu yenyewe imeshauzwa au imefutwa na fundi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, nayo ya 2015, inakubali ujumbe wa simu na barua pepe kuwa ushahidi, tena haibagui karatasi na kioo. Lakini mahakama itauliza: ujumbe huu ulitengenezwaje, ulihifadhiwaje, nani alikuwa nao, nani angeweza kuubadilisha? Jibu zuri kuliko yote ni simu ileile mikononi mwa mtu yuleyule. Kwa hiyo usifute kitu, hata matusi uliyomtukana. Hamisha mazungumzo yote ya WhatsApp kwenye faili, mwanzo mpaka mwisho, sio vipande. Andika anwani kamili ya ukurasa wa tangazo kabla haujatoweka, kwa sababu utatoweka. Barua pepe ziache kwenye sanduku lake. Halafu kaa chini uandike hadithi yako kwa tarehe na saa, ukurasa mmoja au miwili. Hii ya mwisho watu huidharau, lakini mwaka mmoja baadaye, ukiwa kizimbani unaulizwa maswali na wakili wa upande wa pili, utajikuta huna msaada mwingine.

Nitoke njiani kidogo, maana kuna utapeli mwingine wa magari usiohitaji Japani. Gari lipo. Umeliona, umeliendesha, injini inaita. Tangazo uliliona mtandaoni, mwenyewe anasema anasafiri, anauza chee, anataka kishika uchumba leo. Unalipa, unapewa funguo na kadi. Miezi miwili baadaye polisi wanalichukua: lilikuwa la kukodi, au la mkopo, au la marehemu mwenye warithi saba. Hapa wengi hudhani wamepoteza kila kitu kwa kuwa wameshalitumia gari. Sivyo. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ni mtoto wa sheria ya Kiingereza ya 1893, na msingi wake ni kwamba asiyemiliki hawezi kumpa mwingine umiliki. Mwaka 1923 mahakama ya rufani ya Uingereza iliamua kesi ya Rowland dhidi ya Divall. Rowland, mfanyabiashara wa magari, alinunua gari kwa pauni 334, akalipaka rangi, akaliuza. Miezi kadhaa baada ya ununuzi, ikagundulika kuwa ni la wizi na polisi wakalichukua. Divall aliyemuuzia alijitetea kwamba hakujua, na kwamba gari lilikwisha kutumika kwa miezi. Mahakama ikasema Rowland arudishiwe pauni zake zote 334, bila kukatwa hata senti ya matumizi, kwa kuwa alichonunua ni umiliki na umiliki hakuupata. Hukumu ya Uingereza haiwafungi majaji wetu, lakini huwashawishi. Kwa hiyo unayeporwa gari la namna hiyo unamdai aliyekuuzia bei nzima, awe tapeli au mjinga mwenzako aliyeuziwa na tapeli. Cha muhimu ni uwe na mkataba wenye jina lake la kweli na kadi iliyohakikiwa TRA kabla ya kulipa. Watu watajadili namba D na namba E kutwa nzima, lakini kumwomba muuzaji kitambulisho wanaona ni kumkosea adabu.

Turudi Japani, ambako dola 2,900 zilikuwa zimekwenda.

Jambo la kwanza tulilotaka kujua ni kama tunadai mtu au tunadai kivuli. Kila kampuni iliyosajiliwa Japani ina namba yake ya tarakimu 13, na Mamlaka ya Kodi ya huko imeiweka wazi mtandaoni, kwa Kiingereza pia. Mfanyabiashara wa magari yaliyotumika anatakiwa kuwa na leseni ya vitu vya mitumba, inayotolewa na Kamati ya Usalama wa Umma ya jimbo, nayo ina namba. Upo pia umoja wa wauzaji wa magari hayo nje ya nchi, JUMVEA, ambao majina ya wanachama wake yanaweza kutafutwa. Jina la kampuni iliyokuwa kwenye ankara ya shemeji tulilikuta: lipo, lina namba, lina anwani. Lakini MT103 ilipotoka, mwenye akaunti alikuwa mtu binafsi. Kampuni ya kweli iliibiwa jina lake, shemeji akaibiwa hela yake, na wa kwanza hana deni kwa wa pili. Kama akaunti ingekuwa ya kampuni yenyewe, kesi ingekuwa nyingine kabisa. Tungekuwa na muuzaji halisi aliyevunja mkataba, wa kuandikiwa barua ya madai na kubanwa kwa leseni yake.

Kumshtaki mtu wa Japani katika mahakama ya Tanzania kunawezekana kwenye karatasi. Lakini ukishapata hukumu, lazima mahakama ya Japani ikubali kuitambua, na kifungu cha 118 cha sheria yao ya mashauri ya madai kinaweka masharti, likiwemo la nchi zenu mbili kutambuliana hukumu. Kwa dola 2,900 ungetumia dola 6,000. Nilimwambia shemeji asahau njia hiyo, na mpaka leo sijabadili mawazo.

Ila Japani ina mlango mwingine ambao wanunuzi wetu wachache wanaujua. Kule utapeli wa kuwafanya wazee watume hela benki ulikithiri kiasi kwamba Bunge lilipitisha sheria Desemba 2007, ikaanza kutumika Juni 2008, mahususi kwa hela zilizokwama kwenye akaunti za uhalifu. Benki ikiwa na sababu ya kuamini kwamba akaunti imetumika kwa utapeli, inaifunga. Taarifa ya akaunti hiyo inatangazwa kwenye tovuti ya Shirika la Bima ya Amana la Japani, na salio lake linaonyeshwa. Zinapita siku zisizopungua 60 ambazo mwenye akaunti anaweza kujitokeza kupinga. Asipotokea, haki yake juu ya salio inakufa, kisha waliotapeliwa wanapewa siku zisizopungua 30 za kuomba. Salio linagawanywa kwao kwa uwiano wa walichopoteza. Huhitaji kumjua tapeli, wala kusubiri akamatwe, wala kushinda kesi. Sheria hiyo haiulizi uraia wa aliyetapeliwa. Inauliza hela yako iliingia akaunti ipi, na salio limebaki kiasi gani.

Tuliandika ukurasa mmoja wa Kiingereza, tukaambatanisha MT103, ankara, RB na picha mbili za gari lile lenye kidimbwi. Tukatuma kwa benki iliyopokea na kwa polisi wa jimbo lake. Kule ulaghai ni kosa la kifungu cha 246 cha sheria ya jinai, hadi miaka 10. Benki ikajibu kwa adabu nyingi kwamba haiwezi kuzungumzia mteja wake, lakini taarifa imepokelewa. Tukaanza kuikagua ile tovuti kila Jumatatu, mimi na yeye, kama watu wanaongoja matokeo ya mtihani.

Mwezi wa tano akaunti ikatokea. Namba ileile, tawi lilelile. Salio: yeni 612.

Kwa hela ya kwetu ni kama shilingi elfu kumi. Haitoshi mipira ya waipa ya hiyo IST. Na sheria yenyewe inasema salio lisilofika yeni 1,000 haligawanywi. Shemeji alicheka, kicheko ambacho dada hakukipenda. Sijui akaunti ile ilikuwa na kiasi gani siku ya tatu, au ya tano. Najua tu kwamba barua yetu ingeandikwa Jumapili ile, ingekuwa na maneno yaleyale.

Zikabaki shilingi 1,800,000 za yule "wakala wa forodha".

Huku kulikuwa na mtu. Laini za simu Tanzania zinasajiliwa kwa alama za vidole, na mpelelezi akipeleka maombi yake kwa mtoa huduma, jina linatoka. Usilipie mtu wa kibandani akutolee jina hilo kwa mlango wa nyuma. Ni kosa, na ushahidi uliopatikana hivyo utakuponza wewe. Jina lililotoka lilikuwa la kijana wa bodaboda wa Mbagala, miaka 23, ambaye alimwazima "bro" mmoja laini yake kwa ujira wa shilingi 50,000. Bro hakuonekana tena. Kijana alilia kituoni, mama yake akalia nje ya kituo, na shemeji, ambaye ni mtu mwema kupita kiasi, akataka kusamehe.

Nilimshika mkono. Katika utapeli wa mtandaoni, anayepatikana mara nyingi ni huyu aliyeazimisha laini au akaunti, na mbele ya sheria hela iliingia kwake. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inajua deni la mtu aliyepokea hela isiyokuwa yake. Kama alipewa 50,000 tu na nyingine akampa bro, hilo ni la kwao wawili.

Kukawa na njia mbili mbele yetu. Kesi ya jinai iendelee, akitiwa hatiani mahakama iombwe iamuru fidia pamoja na adhabu. Uwezo huo hakimu anao, lakini mwathirika asipojieleza, au mwendesha mashtaka asipoomba, husahaulika, na baada ya hukumu unabaki kumtazama mfungwa anavyoingia kwenye karandinga na hela yako. Hukumu hiyo ya jinai hata hivyo haipotei bure. Ukifungua kesi ya madai baadaye, kutiwa kwake hatiani ni ushahidi kamili kwamba alitenda. Njia ya pili ilikuwa kijana na ukoo wake walipe.

Walichagua kulipa. Hapa nilikuwa mkali mpaka shemeji akanikasirikia. Kwanza, hatuandikiani kituoni, asije akasema kesho alilazimishwa. Tukaenda ofisi ya serikali ya mtaa, mbele ya mwenyekiti na mashahidi wawili kila upande. Pili, hati iseme anakiri deni la shilingi 1,800,000 na atalilipa 100,000 kila mwezi, tarehe 5. Tatu, isiandikwe popote kwamba shemeji anafuta kesi. Kesi ya jinai si yake kuifuta, ni ya Jamhuri, na kuuza ukimya wako kwa hela kunaweza kukugeuza wewe mshtakiwa.

Kijana alilipa miezi mitatu, akaacha. Sasa ile karatasi ikafanya kazi yake. Kwa kuwa amekiri deni na kuahidi kulilipa, tulikuwa na mkataba, na deni la mkataba lisilozidi shilingi milioni 30 linasikilizwa Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili, bila wakili ukitaka. Deni kubwa zaidi ya hapo huenda Mahakama ya Wilaya, na huko ndiko wakili anaanza kuwa na maana. Asiyemudu gharama asikae nyumbani. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wapo wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa ambao hawalipwi na mteja. Muda pia upo, ingawa sipendi kuusema kwa watu wenye tabia ya kusubiri. Kwa mkataba Sheria ya Ukomo inatoa miaka 6, kwa madhara mengine 3, na kwenye udanganyifu saa huanza kuhesabu siku ulipougundua.

Hakimu aliisoma ile karatasi dakika mbili. Akamuuliza kijana, "Saini hii ni yako?" Ilikuwa yake. Hukumu ikatoka siku hiyohiyo, na kukazia hukumu hakukuhitaji dalali wa mahakama kwenda kukamata pikipiki, kwa kuwa mama yake alileta laki mbili kabla ya wiki kuisha.

Katikati ya haya yote, mtu alimpigia shemeji simu. Alijua jina lake, aina ya gari, hata kiasi cha dola. Alisema anatoka kampuni ya kurejesha fedha zilizotapeliwa, kwamba dola 2,900 zimeshapatikana, zimeshikiliwa, na kinachotakiwa ni ada ya dola 350 kuzifungulia. Waliokutapeli mara ya kwanza huuza orodha ya majina, au hurudi wenyewe kwa sauti nyingine. Hakuna benki, polisi wala mahakama inayotaka ada kwa simu ili ikurudishie mali yako. Shemeji alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba namba ya kulipia, akaiandika vizuri, akaipeleka kwa mpelelezi asubuhi yake. Alitumia saa 11.

Dola 2,900 hazikurudi. Jalada la jinai bado liko wazi, bro anatafutwa. Kijana wa Mbagala analeta laki moja kila tarehe 5, siku nyingine akiwa na abiria nyuma, na shemeji humwandikia risiti palepale getini. Zimebaki laki nne.